Kabla ya kununua kisanduku, uliza ndani mna nini

Ruta inayomweka taa pale sebuleni, king'amuzi cha televisheni, kamera ya mlangoni, mashine ya kulipia kwa kadi dukani: zote hizi ni kompyuta. Hazina kibodi, nyingine hazina hata skrini, lakini ndani ya kila moja mna mfumo endeshi, ile programu inayoamka kwanza na kuzisimamia nyingine zote. Mfumo wa namna hii hutengenezwa kwa kazi moja tu, ukapachikwa ndani ya kifaa, na mara nyingi haufunguliwi tena mpaka kifaa kitupwe.

Zamani tulidhani hii ni kazi ya viwanda vya ng'ambo peke yake. Leo vijana wetu wa Mombasa, Kwale na Malindi wanaunda vifaa vyao na kuviuza kwa misikiti, kwa vikundi vya maji, kwa wenye mashua. Nawapongeza. Ila nimeona vingi vikifa kabla ya kumaliza mwaka wa pili, na chuma chenyewe kizima. Vinakufa kwa sababu hakuna anayejua ndani mna nini, na yule aliyejua ameshapata kazi Doha.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Mwaka 2023 kamati ya msikiti wa mtaani kwetu iliniomba niwaundie kisanduku cha kuonyesha nyakati za Swala ukutani. Walikuwa nacho kimoja tayari, kimenunuliwa duka moja mjini kwa pesa za mfuko wa Ijumaa. Kilikuwa na maradhi mawili. Kila stima ikipotea, saa ilirudi nyuma. Na maandishi ya Kiarabu yalitoka herufi zimeachana, tena zinaanzia kushoto, mpaka watoto wa madrasa wakawa wanayacheka. Muuzaji alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba hilo ni jambo la programu, halimhusu yeye. Alikuwa kweli hajui. Alichukua mfumo mzima uliotayarishwa kwa kompyuta ya mezani, akaupakia kwenye memori kadi, akaweka programu yake juu, akafunga skrubu. Mle ndani mna mamia ya vifurushi ambavyo hakuviomba wala hawezi kuvitaja.

Njia ya pili ni kuujenga mfumo mwenyewe kutoka kwenye msimbo, ukichagua kila kipande. Zipo zana mbili mashuhuri za kazi hiyo, zote za bure: Buildroot, iliyoanza mwaka 2001, na Yocto, iliyotangazwa na Linux Foundation mwaka 2010. Kampuni zenye bidhaa nyingi hupendelea Yocto. Mimi natumia Buildroot kwa sababu mtu mmoja aweza kuielewa yote. Unaipa orodha ya unavyotaka, inashusha misimbo, inaitafsiri kuwa lugha ya mashine, kisha inakupa faili moja ya kuandika kwenye memori kadi. Yangu ilitoka chini ya megabaiti 100.

Kazi ngumu ni ile orodha, kwa maana hakuna kifurushi kinachokuja peke yake.

Chukua wali wa nazi. Ni maneno matatu tu. Lakini wali wa nazi unataka tui, tui linataka nazi, nazi inataka mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia. Wageni wakikaa, wali wenye tui uko kwenye sinia. Mbuzi na kifumbu vimebaki jikoni. Mategemeo ya programu ni hivyo hivyo. Yako ya jikoni, yanayohitajika wakati wa kujenga, kama kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Na yako ya sinia, yanayohitajika kifaa kikiwa kinafanya kazi ukutani. Yocto huyaandika kwa majina mawili mbalimbali ili yasichanganyike.

Asiyeyatenganisha huharibu kwa upande mmoja au mwingine. Ama anaweka mbuzi juu ya sinia, yaani anaacha zana za kujengea ndani ya kifaa, zikamla nafasi na kumsaidia mwizi siku akiingia. Ama anasahau tui. Hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani wakati wa kujenga. Mfano ni jedwali la majira ya dunia, linalojua kuwa Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Hilo huwekwa kando, ni la kuchagua. Usipolitia, programu yako itajengwa vizuri bila lalamiko, kisha waumini watasimama kuswali Adhuhuri na ukuta unasema ni saa tatu na nusu asubuhi.

Sasa twende kwenye Kiarabu, ambako kile kisanduku cha kwanza kiliaibika. Kila aliyepita madrasa anajua kuwa herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, au peke yake. Kompyuta hailijui hilo. Inahifadhi mfululizo wa herufi tu, haihifadhi maumbo. Lazima pawe na wa kuziunganisha, na anayefanya kazi hiyo karibu duniani kote ni maktaba iitwayo HarfBuzz. Maktaba kwa lugha ya mafundi ni programu isiyotumiwa na mtu moja kwa moja bali na programu nyingine. Jina lake ni la Kifarsi, na hiyo "harf" ni ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi "herufi". Aliyeiongoza kwa miaka mingi ni Behdad Esfahbod, mzaliwa wa Iran. Iko ndani ya Android, Chrome na Firefox, kwa hivyo Kiarabu unachosoma kwenye simu kikiwa kimeungana vizuri, shukuru maktaba hiyo.

Kuchora kwenye skrini nilitumia SDL2 na mwenzake SDL2_ttf, anayeshughulikia maandishi. SDL2_ttf haiwezi kujengwa bila FreeType, maktaba inayotoa umbo la herufi kutoka kwenye faili ya fonti. Hapo huna wasiwasi: ukichagua SDL2_ttf, Buildroot inaileta FreeType yenyewe. Lakini HarfBuzz kwa SDL2_ttf ni hiari. Ikiikuta inaitumia. Isipoikuta inajengwa hivyo hivyo, kimya, bila onyo lolote, na utakuja kugundua siku ya kuwasha mbele ya kamati. Kwangu mimi mategemeo ya hiari ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. La lazima likikosekana, ujenzi unavunjika na unajua. La hiari likikosekana, unapata kifaa kinachofanya kazi vibaya na cheti cha kuwa kimejengwa salama.

Halafu HarfBuzz nayo ina masharti yake. Imeandikwa kwa lugha ya C++, na visanduku vidogo vingi hujengwa kwa kompaila ya C peke yake ili kubana nafasi. Kwa hivyo ili neno moja, Alfajiri, litokee kwa Kiarabu sahihi, nilihitaji SDL2_ttf, iliyohitaji HarfBuzz, iliyohitaji kompaila yenye C++ iliyochaguliwa tangu siku ya kwanza. Juu ya hayo nilihitaji fonti yenye herufi za Kiarabu, ambayo hakuna zana itakayokukumbusha, na mstari ndani ya programu yangu unaosema kuwa maandishi haya yanaanzia kulia. Yule muuzaji wa kwanza angeweza kuhangaika mwezi mzima kubadilisha fonti, na ugonjwa uko vyumba viwili nyuma.

Vijana wanaoandika vifurushi vyao wenyewe, sikilizeni hapa kidogo. Wengine waweza kuruka aya hii. Buildroot ina namna mbili za kuandika uhusiano. Ya kwanza, kifurushi kinasema: sichaguliki mpaka fulani awepo. HarfBuzz inasema hivyo kuhusu C++. Kompaila yako isipokuwa nayo, unaona mstari mdogo unaokueleza kinachokosekana. Ya pili, kifurushi kinasema: nikija, naja na fulani. Ni hivyo kwa SDL2_ttf na FreeType. Namna ya pili ni tamu kwa mtumiaji, lakini humleta mgeni ndani bila kumuuliza mgeni mwenyewe masharti yake. Ukiandika kifurushi kinachokuja na HarfBuzz, ni juu yako kunakili masharti ya HarfBuzz uyaweke kwako pia. Usipofanya hivyo, ujenzi utavunjika usiku wa manane, bando limekwisha, na ujumbe wa kosa hautaji hata jina la kifurushi chako.

Na kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Ukiondoa kifurushi kwenye orodha baada ya kukijenga, Buildroot haifuti faili zake. Zinabaki mle mle. Na ukiiongeza HarfBuzz leo wakati SDL2_ttf ilijengwa jana, SDL2_ttf haina habari, imeshapikwa. Chumvi haitolewi mchuzini. Futa yote, jenga upya. Kwenye kompyuta yangu naanzisha kabla ya Magharibi na baada ya Isha iko tayari, kwa hivyo sioni sababu ya kubahatisha.

Ugonjwa wa saa ulikuwa na mategemeo ya aina nyingine, yale yasiyoonekana kwenye mchoro wowote. Raspberry Pi 3, ubao niliotumia, haina saa yenye betri. Stima ikipotea, inaamka ikidhani ni mwaka 1970 au siku ya mwisho iliyoikumbuka. Wengi husema, basi iulize intaneti. Sawa. Lakini kama programu yako inaiuliza kwa njia salama, ile yenye kufuli kwenye kivinjari, njia hiyo hukagua cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ubao unaodhani ni 1970 utakikataa cheti cha leo kwa kuwa hakijaanza. Kwa hivyo saa inataka intaneti, na intaneti salama inataka saa. Huo ni mduara, na hakuna zana itakayokuchorea. Iko itifaki ya zamani ya kuuliza saa isiyohitaji cheti, na ndiyo inayotumika zaidi, lakini msikiti wetu hauna intaneti ya kudumu. Nikatia kijisaa cha DS3231 chenye betri yake ndogo ya duara. Nacho kilitaka njia ya mawasiliano ya I2C iwashwe ndani ya kerneli, kilitaka dereva, ambayo kwa ajabu imepewa jina la kaka yake mkubwa, DS1307, hivyo anayetafuta jina la kifaa chake haipati, na kilitaka mstari kwenye faili inayouelezea ubao.

Tukiwa bado kwenye saa: kompyuta nyingi za biti 32 zilihesabu sekunde tangu 1970 kwenye nafasi itakayojaa tarehe 19 Januari 2038. Kwetu itakuwa kama saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kifaa kisichotayarishwa kitaruka nyuma hadi mwaka 1901. Dawa si kurekebisha kipande kimoja, maana kila kinachopokezana saa na mwenzake lazima kijengwe pamoja na maktaba ya msingi yenye nafasi ya biti 64. Maktaba ya musl ilihamia huko mwaka 2020. Kisanduku kinachotundikwa ukutani mwaka huu chaweza kuwa bado kipo 2038. Misikiti haitupi vitu ovyo.

Pembe za jua za kuhesabia Alfajiri na Isha, hilo si la fundi. Niliwaachia masheikh wakakubaliana, nikaandika walichoniambia.

Sasa kwa nini nashikilia orodha hivi? Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza jambo lililotikisa ulimwengu wa Linux. Aligundua kuwa kuingia kwenye kompyuta zake kwa njia ya SSH kumechelewa kama nusu sekunde. Mwingine angepuuza. Yeye akafuatilia, akakuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yametiwa mlango wa siri na mtu aliyekuwa amejenga uaminifu ndani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili.

Utauliza, programu ya kubana mafaili inahusiana vipi na kuingia kwenye kompyuta? Kwa asili, haihusiani. OpenSSH haiihitaji xz. Lakini baadhi ya waandaaji wa mifumo waliiongezea OpenSSH kiraka kidogo ili iwe inaiarifu systemd kuwa imeamka. Kiraka hicho kilileta maktaba ya systemd, na maktaba ya systemd ilileta ya xz. Mlinzi wa mlango akajikuta amelala chumba kimoja na mtu asiyemjua, kwa kuwa rafiki wa rafiki alimleta. Aliyetia sumu alisoma mnyororo huo vizuri kuliko wengi wa wenye nyumba.

Jioni ile mtu wa kamati alinipigia simu. Mwanawe aliyeko ng'ambo amemtumia habari hiyo na anauliza kama kisanduku chetu kimo. Nilifungua faili ya orodha. Hatuna systemd, ndani mnaamshwa na BusyBox. Hatuna OpenSSH, tuna Dropbear, ndogo zaidi. Na xz ilitumika jikoni tu kufungulia mafurushi ya misimbo, toleo la kabla ya 5.6.0. Nikamjibu kabla hajakata simu. Kwa kile kisanduku cha mwanzo, hakuna ambaye angeweza kumjibu, si mimi wala muuzaji.

Buildroot ina amri ya kutoa mchoro wa nani anamtegemea nani, na nyingine ya kukusanya leseni zote pamoja na misimbo. Hiyo ya leseni si mapambo: kerneli ya Linux na BusyBox ziko chini ya leseni ya GPL, inayomtaka anayeuza kifaa atoe na msimbo kwa anayeuomba. Ulaya wameshapitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027, na mtengenezaji atatakiwa kuwa na orodha ya vilivyomo ndani.

Orodha pekee haitoshi kama misimbo yenyewe imetoweka. Mwaka 2016 mtu mmoja aliondoa kipande chake cha mistari 11 kiitwacho left-pad kwenye hazina ya JavaScript, na ujenzi wa miradi mingi duniani ukavunjika siku hiyo hiyo. Ndiyo maana misimbo yote niliyoishusha nimeihifadhi, pamoja na namba ya toleo la Buildroot na alama ya hesabu ya kila faili, ili atakayejenga kesho apate kile kile nilichojenga mimi. Nakala ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwenye kabati la katibu.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukiwa kwenye kamati na kijana amekuja na kisanduku chake, mwombe orodha ya vilivyomo na matoleo yake. Muulize nani ataweza kukijenga upya yeye akisafiri, na mpe fundi mwingine ile diski ajaribu mbele yenu kabla hamjalipa nusu ya mwisho. Akikasirika, mwacheni aende.

Kwetu kazi haijaisha. Kamati sasa inataka kisanduku kionyeshe pia picha za moja kwa moja kutoka Makka baina ya Swala na Swala. Hapo tunaingia kwenye kivinjari kamili: WebKit, na nyuma yake ICU, libsoup, SQLite, GStreamer na msafara wake wa vifungua video, na ubao wenye kumbukumbu zaidi. Nimewachapishia mchoro wa sasa, ukurasa mmoja, na mchoro wa itakavyokuwa, ambao nimelazimika kuunganisha karatasi sita kwa gundi. Umetandazwa ofisini kwa imamu. Wanakutana Jumapili baada ya Alasiri.